Dereva wa Foklifti na Haki ya Kuiegesha

Chai ya Kericho na Bomet huzungumzwa sana ikiwa shambani na ikiwa mnadani. Ikiwa shambani, habari ni za wachumaji, bei ya mbolea na bonasi ya mkulima. Ikifika mnadani Mombasa, habari ni za bei na za wanunuzi kutoka ng'ambo. Hatua iliyo katikati haisemwi sana. Ni pale chai iliyokaushwa na kuchambuliwa inapotiwa katika magunia ya karatasi, magunia yakapangwa juu ya paleti, na paleti zikainuliwa na foklifti hadi ghalani, kisha hadi kwenye lori au kontena. Gunia moja huwa na kilo sitini na zaidi. Ishirini yakipangwa kwenye paleti moja, mzigo unapita kilo 1,200, na mashine inayoubeba ina tani kadhaa. Uzito wote huo hupita juu ya sakafu ileile wanayoikanyaga wapakiaji, makarani, mafundi na vibarua wa zamu ya usiku. Hoja ya makala haya ni moja: mafunzo ya foklifti hayakamiliki siku dereva anapokabidhiwa cheti. Hukamilika pale anapoweza kuikagua mashine yake, akatambua kwamba haifai kufanya kazi, akaiegesha, na asiwepo wa kumlazimisha kuiwasha kabla haijatengenezwa.

Ili kuona kwa nini, tuanze na jinsi foklifti inavyosimama. Wengi huiona kama gari dogo lenye uma mbele, na mwenye leseni ya gari hudhani atalizoea kwa asubuhi moja. Kwa kweli inafanana zaidi na mizani ya mikono miwili: upande mmoja kuna mzigo, upande wa pili kuna chuma kizito kilichofungwa nyuma ya mashine, na egemeo ni ekseli ya mbele. Mzigo ukizidi, au ukisogea mbele, nyuma huinuka. Na kwa kuwa magurudumu ya nyuma ndiyo yanayogeuza mashine, yakinyanyuka hata kidogo usukani hauna kazi tena. Kukata kona kwa magurudumu ya nyuma pia hufanya kitako cha mashine kifagie eneo pana upande wa nje wa kona, kwa hiyo mtu aliyesimama kando akidhani amepisha anaweza kugongwa na sehemu ambayo hakuitazamia. Zaidi ya hayo, katika foklifti nyingi ekseli ya nyuma hushikiliwa katikati tu, hivyo mashine yenye magurudumu manne husimama kana kwamba ina nguzo tatu: mbili kwenye magurudumu ya mbele na moja katikati ya ekseli ya nyuma. Kitovu cha uzito kikitoka nje ya pembetatu hiyo, mashine hupinduka. Mzigo ukiinuliwa juu, kitovu hupanda. Kona ikikatwa kwa kasi, au mashine ikipita kwenye mteremko kwa ubavu, kitovu husukumwa pembeni. Muda kati ya kuyumba na kuanguka ni mfupi mno kwa mtu kufikiria la kufanya, ndiyo maana la kufanya lazima liwe limefundishwa na kufanyiwa mazoezi mapema.

Kosa jingine huanzia kwenye bamba la uwezo, lile la chuma lililopigwa mbele ya dereva. Nambari inayosomwa haraka, tuseme kilo 1,500, huja na masharti. Kwa foklifti za ukubwa huo, hesabu kwa kawaida ni ya mzigo ambao kitovu chake kiko milimita 500 kutoka mgongo wa uma. Paleti yenye kina cha milimita 1,200 ikipangwa sawasawa, kitovu chake kinakuwa milimita 600. Sentimita kumi hizo zinapunguza uzito ambao mashine inaweza kuubeba kwa usalama, na mlingoti ukipanda ili kupanga safu ya juu ghalani, uwezo unaweza kupungua zaidi. Mzigo wa kilo 1,200 uliodhaniwa kuwa mbali na kikomo sasa umekikaribia, na magunia yakiwa yamelalia mbele kwa kupangwa ovyo, huenda umekipita. Macho peke yake hayawezi kuyajua haya, hata yawe ya dereva hodari namna gani. Ni mambo ya kufundishwa kwa kutumia mashine ileile, paleti zilezile na magunia yaleyale ambayo mfanyakazi atakutana nayo kesho yake.

Ushahidi kutoka kwingine unaonyesha wapi hatari ilipo. Taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayochunguza usalama na afya kazini, ilichambua vifo 1,021 vilivyotokana na foklifti kati ya 1980 na 1994. Asilimia 22 vilitokana na mashine kupinduka. Asilimia 20 vilikuwa vya watu waliokuwa kwa miguu wakagongwa, asilimia 16 vya waliobanwa na mashine, na asilimia 9 vya walioanguka kutoka juu yake. Tarakimu hizo ni za nchi nyingine na za zamani, lakini uzito na mteremko havibadiliki kwa kuvuka bahari, na somo lake ni la pande mbili. Kwanza, foklifti inapopinduka, silika humwambia dereva aruke, na mara nyingi anayeruka huangukiwa na kizimba cha chuma kilichojengwa kumkinga. Dereva aliyefundishwa hufunga mkanda, na mashine ikianza kulala hushika usukani kwa nguvu, hukaza miguu na kuegemea upande wa pili wa anguko. Pili, idadi kubwa ya waliokufa hawakuwa wameketi kwenye usukani. Kumfundisha dereva na kumwacha mpakiaji, karani wa ghala na turiboi wa lori bila maelekezo yoyote ni kufanya nusu ya kazi.

Mazingira ya Kericho na Bomet yanaongeza uzito wa jambo hili. Hii ni nchi ya vilima, takribani mita 2,000 juu ya bahari, yenye mvua karibu mwaka mzima, na mara nyingi mvua hiyo hushuka alasiri ikiambatana na mawe. Uwanja wa kiwanda huweza kuwa mkavu asubuhi na wenye utelezi saa tisa. Viwanda vingi vimejengwa kwenye miteremko, na njia kutoka ghalani hadi penye malori haiwi tambarare kila mahali. Kanuni ya mteremko ni rahisi kuitaja na rahisi kuisahau: ukiwa na mzigo, mzigo ukae upande wa juu, maana yake unapanda ukitazama mbele na kushuka kinyumenyume; ukiwa mtupu, uma uelekee chini. Tena majani mabichi hayangoji. Yakishachumwa yanatakiwa kuingia kiwandani na kusindikwa upesi, kwa hiyo miezi ya mvua, majani yanapokuwa mengi, kiwanda hufanya kazi usiku na mchana. Ghala hujaa, malori hupanga foleni, na dereva wa foklifti huwa kwenye saa za mwisho za zamu ndefu wakati shinikizo liko juu kabisa. Mtu aliyejifunzia kwenye uwanja wa lami ulio tambarare na mkavu, mchana, kwa paleti tupu, bado hajafundishwa kazi inayomngoja hapa.

Kwa sababu hiyo mafunzo yanayofaa yana ngazi tatu, na wenzetu walio mbele katika jambo hili, kama Uingereza, wamezitenganisha wazi. Ngazi ya kwanza ni ya msingi: mashine inavyosimama, bamba linavyosomwa, uma unavyoingizwa na kushushwa. Ya pili ni ya kazi yenyewe: mashine ya kiwanda hiki, ghala hili, magunia haya. Ya tatu ni kuzoezwa kazini chini ya macho ya mtu mwenye ujuzi, kabla ya kuachiwa usukani peke yako. Marekani, kwa kanuni iliyotolewa mwishoni mwa 1998, iliongeza jambo lenye maana kubwa: kila dereva apimwe upya angalau mara moja katika miaka mitatu, na afundishwe tena akionekana kuendesha vibaya, akipata ajali au kuponea chupuchupu, au akipewa mashine ya aina nyingine. Kanuni za nchi hiyo pia zinataka mashine ikaguliwe kila siku kabla ya kuanza kazi, na kama inafanya kazi saa zote, ikaguliwe baada ya kila zamu. Kuendesha na kukagua vimewekwa pamoja kwa sababu anayeketi kwenye mashine ndiye wa kwanza kuihisi inapoanza kubadilika.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji maabara. Dereva huizunguka mashine kabla ya kuiwasha. Hutazama matairi kama yamekatika au yamepungua upepo, uma kama una ufa kwenye kiwiko chake au ncha moja imeshuka kuliko ya pili, minyororo ya mlingoti kama imelegea au imeshika kutu, na sakafu iliyo chini kama kuna mafuta ya haidroliki yaliyovuja usiku. Hukagua mkanda, kizimba cha juu na bamba kama bado linasomeka. Kisha huwasha na kujaribu breki ya mguu na ya mkono, usukani, honi, taa na mlio wa kurudi nyuma, na huinua uma mtupu na kuushusha akisikiliza kama kuna mkwaruzo. Kwa foklifti ya umeme hutazama betri na nyaya zake, akijua kwamba betri za asidi zikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka, hivyo mahali pa kuchajia pawe na hewa ya kutosha na pasiwe na moto. Kwa mashine ya dizeli hutazama moshi na uvujaji, na hapo kiwanda cha chai kina sababu ya ziada, kwani chai hunyonya harufu upesi. Dakika kumi zinatosha kwa mtu aliyezoea. Linalofuata ndilo gumu: akikuta breki imelegea saa kumi na moja alfajiri, lori likiwa limeshafungua milango, nini hutokea?

Sheria ya Kenya inajibu vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi atoe taarifa, maelekezo, mafunzo na usimamizi unaohitajika kwa usalama wa wafanyakazi. Inataka kamati ya usalama pale penye wafanyakazi 20 au zaidi, na ukaguzi wa jumla wa usalama kila baada ya miezi kumi na miwili. Mfanyakazi akiuawa na ajali, afisa wa usalama wa eneo lazima aarifiwe ndani ya saa 24. Na kifungu cha 14 kinampa mfanyakazi wajibu wa kuripoti kwa msimamizi wake hali yoyote anayoamini kwa sababu za msingi kuwa ni hatari kubwa iliyo karibu. Mwajiri naye hana ruhusa ya kumrudisha kwenye hatari hiyo kabla haijarekebishwa, wala ya kumwadhibu kwa kujiondoa. Kwa upande wa udereva, katika leseni za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kundi G limetengwa kwa mitambo ya viwandani, ya ujenzi na ya kilimo. Majukumu haya hayahami na mwenye mali. Unilever iliuza biashara yake ya chai mwaka 2022, na mashamba ya James Finlay nchini Kenya yakachukuliwa na Browns Investments ya Sri Lanka mwaka uliofuata. Jina langoni linaweza kubadilika, lakini anayemiliki ghala leo ndiye anayedaiwa usalama wa aliye ndani yake leo.

Tatizo ni kwamba haki iliyoandikwa Nairobi haimfikii kibarua wa msimu aliye ghalani bila njia ya kuifikisha. Kibarua anajua kwamba mkataba wake unaisha baada ya miezi michache na kwamba walio nje wakisubiri kazi ni wengi. Akiegesha mashine na lori likachelewa, hataambiwa kwamba ameadhibiwa kwa kufuata kifungu cha 14. Ataona tu kwamba msimu ujao hakuitwa. Kwa hiyo haki ya kuegesha lazima iwe sehemu ya mafunzo yenyewe, na wasimamizi wafundishwe katika darasa moja na madereva. Kiwanda kiweke utaratibu ulio wazi: dereva akiandika kasoro ya breki, usukani, uma au mnyororo, ufunguo unatolewa na kupelekwa kwa fundi, na hakuna mwenye cheo cha kuurudisha ila fundi aliyetengeneza na kutia sahihi. Meneja abaki na uwezo wa kutafuta mashine nyingine au kuahirisha upakiaji, lakini asiwe na uwezo wa kuiamuru mashine mbovu itembee. Na yote haya yaelezwe kwa lugha ya walio ghalani. Viwanda vya hapa hukutanisha Wakipsigis, Wakisii, Waluo, Waluhya na wengine, na kijitabu cha Kiingereza kilichofungiwa kabatini hakimlindi yeyote kati yao.

Wapo watakaosema kwamba dereva mwenye miaka kumi kwenye usukani hahitaji kurudishwa darasani. Uzoefu ni mali, na anayeudharau anakosea. Lakini mtu anaweza kukosea kwa miaka kumi bila kudhurika, kwa sababu mzigo haukuwa mzito siku ile au mpita njia alichelewa kwa hatua mbili, na kila siku inayopita salama humthibitishia kwamba njia yake ni sahihi. Uzoefu wa namna hiyo huimarisha kosa. Njia nzuri ni kumpima kwanza: akionyesha kwamba anajua, apewe cheti bila kupotezewa muda; NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, tayari huwapima mafundi waliojifunzia kazini. Akionekana na pengo, lizibwe pengo hilo tu. Mkongwe aliyepimwa na kufaulu ndiye pia mwalimu bora wa vijana wa ngazi ya tatu.

Pingamizi la gharama ni zito zaidi, na linastahili jibu la heshima, hasa kwa viwanda vilivyo chini ya KTDA, shirika linalosimamia chai ya wakulima wadogo, kama Litein, Momul, Kapkoros au Mogogosiek, ambavyo wenye hisa ni wakulima hao. Shilingi inayotumika kiwandani ni shilingi inayopungua kwenye bonasi, na mkulima wa Konoin, huko Bomet, ana haki ya kuuliza imeenda wapi. Basi ahesabiwe. Kila mwajiri hutozwa ushuru wa mafunzo ya viwandani wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Kiwanda chenye wafanyakazi 100 kinatoa shilingi 60,000 kwa mwaka, na mfuko huo upo ili kurudisha sehemu ya gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa na NITA. Upande wa pili, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo Mahakama ya Juu iliithibitisha Desemba 2019, hukokotoa fidia ya ulemavu wa kudumu wa asilimia mia kwa mapato ya miezi 96. Kwa mtu anayepata, tuseme, shilingi 20,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 1,920,000. Bima inaweza kuilipa, lakini bima haiponyi mgongo uliovunjika, wala haimrudishii mke mume wake. Mkulima mwenye hisa mara nyingi ni jirani, shangazi au baba wa huyo aliye ghalani. Fedha na utu hapa vinaelekea upande mmoja.

Wengine huhofia ucheleweshaji. Dakika kumi mwanzoni mwa zamu, wanasema, ni dakika kumi za lori. Lakini viwanda vya chai havina ugeni na nidhamu ya ukaguzi. Majani hupimwa kwa mizani ya kielektroniki vituoni na kila kilo ikaandikwa kwa jina la mkulima; chai huonjwa; joto la kukaushia hufuatwa kwa makini; wakaguzi wa vyeti vya ubora hupekua kumbukumbu ukurasa kwa ukurasa. Hakuna anayesema mwonjaji wa chai anachelewesha kazi, kwa sababu kila mtu anajua hasara ya kuuza chai mbovu. Foklifti inastahili daftari lake vilevile. Na mashine inayokaguliwa kila asubuhi hukamatwa ikiwa na kasoro ndogo, kabla haijazimika katikati ya msimu na kusimamisha upakiaji wa siku nzima.

Hofu ya mwisho ni ya wafanyakazi wenyewe. Katika nchi ya chai, neno mashine limebeba maumivu. Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho katika maandamano ya watu walioona riziki yao ikichukuliwa, na maisha yakapotea. Anayezungumzia mafunzo ya mitambo bila kuukumbuka uchungu huo hatasikilizwa. Ila kumnyima mfanyakazi mafunzo hakuiondoi mashine. Kunamwacha akiwa dhaifu mbele yake. Mwenye cheti kinachotambulika na leseni ya kundi G anaweza kutafuta kazi katika bandari ya Mombasa, katika maghala ya Nairobi au ng'ambo. Kwa hiyo chama cha wafanyakazi wa mashambani, KPAWU, kinapokaa mezani na waajiri, mafunzo ya foklifti yanafaa kudaiwa kwa uzito uleule wa mishahara: cheti kiwe mali ya mfanyakazi, vibarua wa msimu na wanawake wapewe nafasi sawa ya kujifunza, na haki ya kuegesha mashine mbovu iandikwe kwenye mkataba wa pamoja.

Wakati wa kuanza unajulikana. Januari na Februari, jua linapokausha vilima na majani kupungua, ghala huwa na nafasi na madereva huwa na pumzi. Wiki hizo zitumike kuwapima madereva wote, kuwafundisha wapya, kuchora njia za waendao kwa miguu sakafuni, na kuwaketisha mameneja, wasimamizi, mafundi na vibarua katika chumba kimoja ili kila mmoja asikie kanuni ya ufunguo ikisemwa hadharani. Kamati ya usalama ifuatilie daftari kila mwezi na iulize swali moja: mashine iliegeshwa mara ngapi kwa kasoro, na nani aliiegesha? Kiwanda kisicho na hata siku moja ya namna hiyo mwaka mzima kisijisifu kwa kuwa na mashine nzuri kabla hakijahakikisha kwamba madereva wake hawaogopi kuandika.